"Sina Bima, Ngoja Kwanza": Maswali na Majibu

Nimekaa chumba cha kupokea wagonjwa miaka ya kutosha kuweza kumkisia asiye na bima kabla hajafungua mdomo. Hana alama usoni. Ila huja usiku, huja amebebwa, na ugonjwa wake una wiki tatu. Mwenye bima hutuletea kikohozi. Asiye na bima hutuletea mbavu zinazoingia ndani kila akivuta pumzi na midomo iliyobadilika rangi. Ugonjwa ni ule ule. Zimetofautiana siku walizokaa nao nyumbani.

Maswali haya ndiyo ninayoulizwa karibu kila zamu, mengine na wagonjwa, mengine na ndugu waliowabeba. Nimejaribu kuyajibu kwa upole. Pale uvumilivu uliponiishia mtapaona wenyewe.

Swali: Hayo mnayoyaita mambo ya kijamii ni yapi, na yanahusianaje na ugonjwa wangu?

Ni yote yanayokupata kabla hujafika mbele ya mtabibu: kipato, elimu, nyumba, kazi, chakula, maji, umbali wa kituo cha afya, na kama una mtu wa kukukimbiza usiku wa manane. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mambo haya huchangia kati ya asilimia 30 na 55 ya hali ya afya ya watu. Vijidudu havibagui, lakini vinapomkuta mtu amechoka, hajala, analala na wenzake saba kwenye chumba kisicho na dirisha, vinakuwa vimerahisishiwa kazi.

Swali: Na bima inaingiaje hapo?

Bima ni kuchanga ukiwa mzima ili usihangaike kuomba ukiwa mgonjwa. Wazo lenyewe ni la zamani. Ujerumani ilipitisha sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883. Asiye na bima hulipa papo hapo, tena siku ile ile ambayo hawezi kufanya kazi. Matumizi yanapanda na kipato kinakauka kwa wakati mmoja. Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia wanakadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao bilioni 2 walibanwa kifedha kwa sababu ya kulipia matibabu kutoka mfukoni. Kwa hiyo ukijiona uko peke yako, hauko.

Lakini ukiacha hesabu za wakubwa, mimi ninachokiona kwa macho ni hiki: kukosa bima humfundisha mtu kusema "ngoja kwanza". Na hilo neno "ngoja" ndilo limenifanya niandike.

Swali: Sina bima. Si afadhali nisubiri kidogo nione kama itaisha yenyewe?

Hapana.

Najua jibu la neno moja halimtoshi mtu, basi nilirefushe. Chukua ngiri. Inaanza kama uvimbe mdogo kwenye kinena, ukilala unarudi ndani, hauumi sana. Hapo upasuaji wake ni wa kupangwa, watu wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Mtu anasema ngoja. Siku moja uvimbe haurudi, umekuwa mgumu, unauma, anatapika. Utumbo umenasa na damu haipiti. Sasa ni upasuaji wa dharura, pengine wa kukata kipande cha utumbo kilichokufa, na siku nyingi wodini. Mgonjwa ni yule yule na ngiri ni ile ile. Kusubiri kumemwongezea bili na kumpunguzia utumbo.

Chukua kidole tumbo. Maumivu huanzia maeneo ya kitovu, halafu yanahamia chini upande wa kulia. Wakati mwingine yanapungua ghafla, na nyumba nzima inashangilia kwamba amepona. Kupungua huko kunaweza kuwa ndiyo kupasuka kwenyewe. Baada ya saa chache usaha umetapakaa tumboni, homa imepanda, tumbo limekuwa gumu kama ubao. Nimeshaambiwa zaidi ya mara moja, "Lakini jana jioni alikuwa amepata nafuu." Najua. Ndiyo inavyokuwa.

Chukua kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari. Hakiumi, kwa sababu mishipa ya fahamu ya mguu imeshakufa ganzi. Watu huchukulia kwamba kisichouma si kikubwa. Kwa mwenye kisukari hesabu hiyo igeuze: kidonda kisichouma ndicho cha kukimbilia hospitali. Akija wiki ya kwanza tunasafisha, tunafunga, tunarekebisha sukari. Akija mwezi wa pili tunazungumzia msumeno.

Na uvimbe kwenye titi, ambao mara nyingi hauumi mwanzoni. Sitaeleza zaidi. Uvimbe wowote mpya kwenye titi uonwe na mtabibu ndani ya siku chache. Usiupe miezi.

Swali: Jirani yangu alisubiri na akapona bila hospitali. Kwa nini mimi nisipone?

Tumshukuru Mungu amepona. Lakini fikiri kidogo: ni nani anayebaki kukusimulia? Aliyesubiri akapona yupo, ana sauti, anatoa ushauri kwa kila mtu. Aliyesubiri asipone hatoi ushauri. Ukikusanya habari kwa waliobaki tu, kusubiri kutaonekana tiba kila siku.

Tena ugonjwa wa jirani siyo wako. Homa yake ilikuwa ya mafua. Yako inaweza kuwa maambukizi ya damu. Huwezi kujua kwa kulinganisha midomoni.

Swali: Nasubiri nikusanye pesa kwanza, nikienda niende mara moja nitibiwe kikamilifu. Hilo nalo ni kosa?

Ni kosa, ingawa nalielewa kuliko mengine yote. Mtu mwenye heshima zake hataki kufika mahali akaaibika dirishani kwa mhasibu. Anataka aende ametimia. Shida ni kwamba wakati unakusanya, ugonjwa nao unakusanya, na kasi yake ni kubwa kuliko yako. Ulichopata mwezi huu kingetosha matibabu ya mwezi uliopita.

Nenda mapema na kidogo ulichonacho. Ukionwa tu, ukapimwa vipimo viwili vya msingi, ukaambiwa hili ni la haraka au si la haraka, umeshapata kitu cha thamani: unajua una muda kiasi gani. Huenda ukaambiwa ukusanye taratibu kwa miezi miwili bila wasiwasi. Huenda ukaambiwa usirudi nyumbani leo. Sasa hivi unakisia, na unakisia kwa mwili wako.

Mara ya tatu nasema, na nikipata nafasi nitasema mara ya nne: kusubiri si akiba.

Swali: Basi kila mafua nikimbilie hospitali?

La. Mafua ya kawaida huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Kuharisha kwa mtu mzima ambaye anakunywa, anakojoa na hana damu kwenye choo kunaweza kuangaliwa nyumbani kwa siku moja mbili, ukiwa unakunywa maji yenye chumvi na sukari za kuongeza maji mwilini, zile za pakiti. Msuli uliovutika, upele mdogo usiosambaa, kichwa cha kukosa usingizi: hayo yana subira.

Ila yapo yasiyo na subira hata ya kuchaji simu, na ningependa yabandikwe ukutani katika kila nyumba.

Uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kuishiwa nguvu ghafla, ulimi kuwa mzito: hicho ni kiharusi mpaka kithibitike vinginevyo. Kwa kiharusi cha damu kuganda ipo dawa ya kuyeyusha, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Usimlaze "apumzike kwanza". Usimpe kitu cha kunywa, atapaliwa. Tazama saa, kumbuka ilianza saa ngapi, ondokeni.

Kifua kubana kama kimewekewa mzigo, maumivu yanayopanda kwenye taya au kushuka mkono wa kushoto, jasho la baridi: ondokeni.

Mjamzito anayetoka damu, anayeumwa kichwa sana na kuona maruwiruwi, aliyevimba uso na mikono, aliyepata degedege, ambaye mtoto ameacha kucheza tumboni, au aliyepasuka chupa bila uchungu kuanza: ondokeni. Na aliyejifungua akatoka damu nyingi anaweza kufariki ndani ya saa 2. Hapo hata kikao cha dakika kumi ni kirefu.

Mtoto chini ya miaka 5 anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, au aliyelegea na hazinduki vizuri: ondokeni. Mtoto mwenye kikohozi mhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Akiwa na miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Akiwa na mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi ni nyingi mno. Kuhesabu hakulipiwi. Na kama kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, acha kuhesabu, beba mtoto.

Swali: Nikifika sina hela si watanifukuza?

Sitakudanganya kwamba kila mlango utafunguliwa kwa tabasamu. Wapo wenzangu wenye midomo, na wapo wanaomwangalia mgonjwa viatu kabla ya kumwangalia macho. Mimi mwenyewe kuna zamu nimejibu watu vibaya. Lakini dharura hushughulikiwa kwanza na malipo huzungumzwa baadaye. Huo ndio msingi wa kazi yetu, na ukikumbushwa kwa utulivu mara nyingi unakumbukwa.

Wagonjwa wengi hawajui mambo kadhaa ambayo yangewasaidia. Hospitali nyingi za umma zina ofisa wa ustawi wa jamii, na kazi yake mojawapo ni kumsikiliza asiye na uwezo na kuona kama anastahili msamaha au kulipa kidogo kidogo. Hawezi kukufuata, muulizie wewe, tena mapema, kabla bili haijafungwa. Nchi nyingi hutoa bure matibabu ya kifua kikuu, dawa za VVU, chanjo za watoto na kliniki ya wajawazito, bima uwe nayo usiwe nayo. Nimekutana na mtu aliyekohoa miezi minne akiogopa gharama ya dawa ambazo hazilipiwi. Miezi minne! Alikuwa mita chache tu kutoka kwenye dirisha la kuzichukulia.

Jambo jingine ni kuuliza bei. Muulize mtabibu, "Katika vipimo hivi vitano, ni vipi ambavyo bila hivyo huwezi kunitibu leo?" Hilo si tusi. Mtabibu mwenye akili atapanga upya karatasi yake. Muulize pia kama dawa aliyoandika ipo kwa jina la kitaalamu, isiyo na jina la kibiashara la kampuni. Dawa ni ile ile, na bei mara nyingi hushuka sana.

Swali: Kwa nini nisiende moja kwa moja duka la dawa nikaeleza dalili, nikapewa vidonge?

Kwa sababu utapewa vidonge. Hilo ndilo tatizo lenyewe: muuzaji yupo pale kuuza, na utaondoka na kitu mkononi hata kama ulichohitaji ni kipimo.

Ninachokiona mara kwa mara ni hiki. Mtu ana homa, ananunua antibayotiki za siku mbili kwa sababu pesa inatosha siku mbili. Siku ya tatu amepata nafuu kidogo, anaacha. Vijidudu dhaifu vimekufa, vile sugu vimebaki na nafasi ya kuzaana. Wiki ya pili homa imerudi na dawa ile haifanyi kitu. Mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo vinavyokadiriwa milioni 1.27 duniani. Wale hawakufa kwa kukosa dawa. Walipewa dawa zikakataa kufanya kazi.

Kama pesa haitoshi dozi nzima, sema hapo hapo mbele ya aliyekuandikia. Tutatafuta nyingine ya bei nafuu unayoweza kuimaliza. Na hii tabia ya kubakiza vidonge vinne ili akiumwa mwingine nyumbani apewe, naiomba ikome. Hao wawili hamjui kama wanaumwa ugonjwa mmoja.

Swali: Ndugu yangu ana bima na tunafanana. Naweza kutumia kadi yake?

Usifanye hivyo. Wengi wanadhani nakataza kwa sababu ya sheria. Sheria ipo, ndiyo, na unaweza kumfungia ndugu yako bima yake. Lakini mimi naogopa faili. Ukitibiwa kwa jina lake, kundi lako la damu linaandikwa kwake, mzio wake unasomeka kuwa wako, na dawa inayokudhuru wewe haimo kwenye faili hilo. Siku mmoja wenu akiletwa hajitambui, tutasoma faili na kuliamini. Jaribu kuifikiria siku hiyo.

Swali: Presha yangu ilishuka, nikaacha dawa kupunguza matumizi. Najisikia vizuri tu.

Presha ilishuka kwa sababu ya dawa. Ukitoa nguzo, paa halibaki juu kwa shukrani.

Presha ya 140 kwa 90 au zaidi, ikipimwa siku tofauti, ni ya juu, na wengi walio nayo haiwaumi popote. Duniani kuna watu wazima zaidi ya bilioni 1.2 wenye presha ya juu na karibu nusu yao hawajui. Inakula mishipa ya moyo, ubongo na figo kimya kimya. Ukisubiri ikuume ndipo unywe dawa, ishara ya kwanza inaweza kuwa kiharusi. Na figo zikishindwa, gharama ya kusafishwa damu mara mbili tatu kwa wiki, maisha yako yote, haina ulinganisho na kidonge kimoja kwa siku. Dawa nyingi za msingi za presha na kisukari ni miongoni mwa dawa za bei ya chini kabisa tulizonazo. Hiyo akiba uliyoipata kwa kuziacha, iandike kwenye karatasi, tuje tuiangalie pamoja baada ya miaka mitano.

Wengine hawaachi kabisa; wananywa siku moja wanaruka siku mbili ili pakiti ifike mwisho wa mwezi. Kisha wanakuja kliniki wanasema wanameza kila siku. Sisi tunaona presha iko juu, tunaongeza dawa ya pili, yaani tunamwongezea gharama mtu aliyekuwa anakimbia gharama. Sema ukweli. Ukisema "siimudu", naweza kukusaidia. Ukisema "namaliza zote", umenifunga mikono.

Swali: Mimi ni kibarua. Siku nisipofanya kazi, siku hiyo sina kitu. Nitaenda saa ngapi?

Hili ni swali zuri kuliko yote, na sina jibu la kufurahisha. Kazi isiyo na likizo ya ugonjwa huumiza watu kama vile maji machafu yanavyoumiza. Nimeona watu wakibeba mizigo na mfupa uliopasuka.

Ninachoweza kukuambia ni namna ya kupunguza hasara. Piga simu au tuma mtu aulize kituo kina kliniki ya ugonjwa wako siku gani na saa ngapi, ili usipoteze siku mbili kwa kazi ya siku moja. Ukiwa na ugonjwa wa kudumu na hali imetulia, omba dawa za miezi miwili au mitatu kwa pamoja. Wengi hupewa mwezi mmoja kwa sababu tu hawakuomba. Na ukipima, linganisha siku moja ya leo na wiki mbili za kulazwa. Usilinganishe siku moja ya leo na kutokwenda kabisa, maana utakwenda. Swali ni utakwenda kwa miguu au mgongoni mwa mtu.

Swali: Nyumba na ugonjwa vina uhusiano gani?

Mkubwa, ila nitasema kidogo. Msongamano na hewa isiyopita hueneza kifua kikuu. Mgonjwa mmoja asiyetibiwa anaweza kuambukiza watu 5 hadi 15 wa karibu yake kwa mwaka. Kikohozi cha wiki mbili kipimwe, basi. Moshi wa kupikia ndani ya nyumba ulihusishwa na vifo vinavyokadiriwa milioni 3.2 mwaka 2020. Kama huwezi kubadilisha jiko, sogeza jiko, fungua dirisha, na mtoto mchanga asikae nawe pale unapopika. Najua kuna waliopanga chumba ambacho dirisha lenyewe halipo. Kwao ushauri wangu unafika mlangoni na kusimama.

Swali: Wakubwa wa familia ndio huamua nani aende hospitali, kwa sababu ndio wanaolipa. Nifanyeje?

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba mama wajawazito hufa kwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mimi naona mpangilio huo kwa kila mgonjwa asiye na bima, awe na mimba au ngiri. Wa tatu ni wetu, tulaumiwe. Wa pili ni wa barabara na nauli. Wa kwanza hufanyika sebuleni, watu wakiwa wamekaa.

Kikao kinafanyika mgonjwa akiwa chumba cha pili. Mmoja anasema asubuhi, mwingine anasema asubiriwe fulani anayetuma pesa, fulani simu yake haipatikani. Saa tano zinakwisha. Nani alitaka afe? Hakuna hata mmoja. Na bado.

Basi mfanye kikao hicho sasa hivi, hakuna anayeumwa. Mkubaliane dalili zipi zikionekana aliyepo karibu ana ruhusa ya kumbeba mgonjwa bila kumuuliza mtu. Mkubaliane ni nani ataamshwa mwenye chombo cha usafiri. Mtenge kiasi fulani, hata kidogo, ambacho hakiguswi kwa jambo jingine lolote. Mama mjamzito apewe yeye mwenyewe ruhusa hiyo na akiba hiyo. Kumnyima mtu mzima kauli juu ya mwili wake kwa sababu hachangii pesa ni tabia inayotuletea maiti, na sitaipamba.

Swali: Naona aibu kusema siwezi kulipa. Pia sikusoma sana, maneno ya daktari yananipita.

Mficha maradhi, mnajua kinachomuumbua. Umaskini hauna haja ya kufichwa mbele ya anayekutibu. Kwake ni taarifa kama joto la mwili. Anahitaji kuijua ili aandike kitu kinachotekelezeka.

Kuhusu maneno: usitoke chumbani kabla hujarudia kwa mdomo wako ulichoambiwa. "Kwa hiyo hiki kimoja asubuhi, hiki kimoja usiku, nirudi baada ya wiki mbili, nikiona damu nirudi hata usiku?" Ukikosea tutakusahihisha. Tukikasirika, aibu ni yetu.

Swali: Nikipata bima mambo yatakuwa sawa?

Yatakuwa nafuu, hasa kwa sababu utaacha kusubiri. Jiunge ukiwa mzima, maana mifuko mingi ina kipindi cha kungoja kabla ya kulipia baadhi ya matibabu, na wengi huja kuulizia fomu wakiwa tayari kwenye kitanda.

Ila sitasema kadi itafuta kila kitu. Mwaka 1967 ulianza utafiti London kwa wanaume zaidi ya 17,000, watumishi wa serikali, katika nchi ambayo tangu 1948 mtu hutibiwa bila kulipa hospitalini. Walipofuatiliwa kwa miaka, wale wa ngazi ya chini kabisa walikuwa wanakufa kwa kiwango cha takriban mara tatu ya wale wa juu kabisa. Wote walikuwa na ajira ya kudumu na daktari. Kipato, cheo, msongo wa kazi na namna walivyoishi viliendelea kufanya kazi yake chini kwa chini. Kwa hiyo mtu akikuambia unaumwa kwa sababu ya uzembe wako, msikilize robo tu. Robo hiyo ndiyo niliyoishughulikia hapa, kwa sababu ndiyo iliyo mikononi mwako leo usiku.

Swali: Nimekubali, naenda kesho asubuhi. Nibebe nini?

Kama dalili yako ni mojawapo ya zile nilizosema "ondokeni", kesho asubuhi siyo jibu.

Kama sivyo, beba dawa zote unazotumia, hata za miti shamba, hata zilizobaki nusu, ndani ya mfuko mmoja. Beba karatasi zote za zamani. Usizichague, tutachagua sisi. Njoo na mtu mmoja anayekujua, siyo watano. Njoo mapema. Ukiulizwa una uwezo gani, taja kiasi cha kweli.

Na ukiulizwa ugonjwa umeanza lini, usiseme "jana". Wagonjwa wengi hutuambia jana, wakiogopa kugombezwa kwa kuchelewa, nasi tunaanza kutibu ugonjwa wa siku moja ndani ya mtu mwenye ugonjwa wa wiki tatu. Sema wiki tatu. Nitakunja uso kidogo, halafu nitachukua kalamu na kuandika tarehe sahihi.